Mfereji wa Kimya

Wapendwa, Neno limeshasomwa, vitenge vipya tumeshaviona, vya mbele na vya nyuma, ha ha ha! Sasa nipeni masikio. Nina kamfano hapa. Watu wake msiwatafute kijijini kwetu, na msianze kugeuka na kuangaliana, maana nawajua. Nimewatunga mwenyewe jana nikichambua mchicha.

Palikuwa na kijiji kimoja huko milimani, juu kabisa, kule ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi, na kukaa unakaa. Kijiji hicho kilikuwa na ndiva. Ndiva mnaijua: lile bwawa la kukinga maji ya mto, likijaa linafunguliwa, maji yanateremka kwenye mifereji, leo zamu ya huyu, kesho zamu ya yule. Na mgawaji wa maji ni mtu mzito. Ukikosana naye, maharage yako yanakauka unayaona hivi hivi.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, marehemu baba yake ndiye alikuwa mgawaji wa ndiva. Yeye hakurithi ile kazi, eti mwanamke hawezi kuamka alfajiri kwenda kufungua maji. Mwanamke! Anayemwamsha jogoo! Haya, tuyaache. Yeye alikuja kupewa kugawa kitu kingine. Kijiji kilichangishana, kikasimamisha mnara wa mtandao. Mnara wenyewe mdogo tu, sola mbili na waya za kuushikilia usiangushwe na upepo, hapo kilimani juu ya zahanati. Fundi aliyeufunga akawaambia, "Wazee wangu, huu mnara si wa maajabu. Unachopitisha ni kidogo. Uchukulieni kama ndiva yenu, una mifereji kumi ya hewani. Mkiingia wote kwa pamoja, wote mtapata matope."

Mifereji ya hewani! Hebu fikirini, wenzangu. Basi yule mama akapewa tableti moja, na kwenye kioo chake kulikuwa na mistari kumi ya buluu inayong'aa. Mstari ukiguswa, unahama, unatoka kwa huyu unakwenda kwa yule. Kazi yake kila siku mchana ilikuwa kukaa kwenye benchi chini ya mnara, kanga mabegani, tableti mapajani, anagawa.

Na mchana wa kule, jamani. Jua likishapita utosini, ukungu unapanda kutoka bondeni pole pole. Unafunika migomba. Unafunika mabati ya shule. Unafika kwenye benchi, unamfunika na yeye, mpaka anabaki na vidole vyake na ile mistari ya buluu. Hapo ndipo alikuwa akiona mambo. Halali, hayuko macho, yuko katikati. Anaona maneno ya watu yanateremka mlimani kama maji. Yanapita chini ya miguu ya kuku, yanazunguka mawe, yanaingia vibarazani. Salamu zinapita, vicheko vinapita, mtu anauliza bei ya mbolea, mtu anamwambia mtu nimekukumbuka. Yote yanameta, yote yanateremka, na mlango wa kuyafungulia uko kwenye kidole chake kimoja. Akasema moyoni, kumbe baba ndicho alichokuwa anakiona kule kwenye ndiva, ndiyo maana alikuwa harudi kula mchana!

Siku moja wakaitwa mkutano. Nesi wa zahanati alisimama, binti mwembamba, mpole, lakini siku hiyo hakuwa mpole.

"Mimi nikimwita daktari wa mjini," akasema, "siwezi kungoja zamu. Mtu akivuja damu, havuji kwa zamu."

Mwenyekiti wa wakulima wa tangawizi akamwambia, "Sasa mwanangu, si usubiri kidogo tu watu wamalize maongezi yao? Dakika mbili tatu."

"Baba, daktari ananiambia kwa simu, hapo usiguse, hapo bonyeza. Neno lake likichelewa hata kwa kuhesabu moja mpaka tano, mkono wangu umeshakwenda pasipotakiwa. Neno la namna hiyo likichelewa linakuwa la mazishi."

Sasa kumbukeni, hawa ni watu wa ndiva. Kwa ndiva yao, maji yakishaingia shambani kwako hayakatwi katikati. Awe nani, angoje umalize. Ni mwiko. Kuna jambo moja tu linaloruhusu kukata maji ya mtu bila kumwomba, nalo ni moto. Nyumba ikishika moto, mgawaji anageuza maji yote kuelekea moshi unakotoka, na hakuna wa kumlaumu.

Nesi alikuwa mtoto wa hapo hapo, alijua pa kuwashika. Akasema, "Basi mniandike mimi ni moto."

Loo! Makofi! Wakakubali kwa sauti moja. Nesi ni moto! Akiita, mgawaji akate, asiombe ruhusa! Fundi naye akaweka kamlio, ti-ti-ti, ili mtu akikatwa asidhani simu imekufa. Ti-ti-ti maana yake njia yako imeazimwa, mwenye shida akimaliza unarudishiwa.

Yule mama mgawaji akauliza swali moja tu. "Sawa. Nikikata, nimkate nani?"

Mnaona? Makofi yakaisha hapo hapo.

Mwenyekiti wa tangawizi akakohoa. "Kukata ni lazima, mimi naunga mkono kabisa. Ila sisi tukiwa na wanunuzi hewani, mtuache. Ni maisha ya kijiji yale."

Mwalimu wa kwaya naye akasimama, miwani kwenye paji la uso. "Na ibada ni ibada. Kwaya ikirusha matangazo, ndugu zetu wa mbali wanasikiliza. Huwezi kumkata Mungu katikati ya ubeti."

Kumkata Mungu! Haki ya nani! Mmoja akasimama na mjukuu wake wa masomo ya mtandaoni, mwingine na baraza la ukoo lililotawanyika mikoa minne. Kila mmoja anaunga mkono kukatwa, na kila mmoja ana sababu ya kukatwa mwenzake. Sababu zote ziliandikwa na kutiwa sahihi. Orodha ikajaa. Akabaki mtu mmoja tu ambaye jina lake halikuandikwa, bibi mmoja mjane aliyekaa nyuma karibu na mlango.

Huyu bibi alikuwa na mfereji mmoja, saa za mchana tu. Na alichokuwa anapitisha humo, wenzangu, kilikuwa kichekesho cha kijiji. Alikuwa hapitishi kitu. Kimya! Anampigia mwanawe, anaiweka simu kwenye kigoda, anaendelea kupukuchua maharage. Haongei, na mwanawe haongei. Saa nzima, saa mbili. Watu wakipita wanacheka, "Bibi, unalipia kimya? Si ukinywe bure nyumbani kwako!"

Walikuwa hawajui, na bibi hakuwaambia. Lakini mgawaji alijua, maana aliwahi kumuuliza. Yule mwana alikwenda migodini akiwa kijana, vumbi likamwingia kifuani, sasa alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa wa mbali. Akiongea anakohoa, akikohoa anatapika damu. Basi haongei. Anasikiliza. Anasikia maharage yanavyoanguka kwenye ungo. Anasikia kuku. Anasikia mvua inavyoanza kwenye bati, tone moja, matatu, halafu yote. Anamsikia mama yake akivuta pumzi ya kuinuka. Na ile sauti ya nyumbani ndiyo dawa yake ya usingizi, nyingine zote zimeshindwa. Akisikia maharage yanaanguka, analala.

Mkutanoni wakamuuliza, "Na wewe bibi, una sababu?"

Bibi akasema, "Wangu ni kimya tu, wanangu. Kimya ukikikata, kinajiunga chenyewe."

Wakacheka wee! Wakaandika kwamba akatwe bibi.

Basi ikawa hivyo. Nesi akiita, kidole cha mgawaji kinakwenda kwa bibi. Ti-ti-ti. Mtoto kaungua na uji, anakatwa bibi. Kijana kaumwa na nyoka, anakatwa bibi. Mke wa fundi cherehani kajifungua kabla ya siku zake, bibi. Dakika tano, dakika kumi, halafu anarudishiwa. Mgawaji akawa anahesabu moyoni bila kutaka, wa saba, wa kumi na mbili, wa kumi na tisa. Na kila akikata anamwona mtu kalala kitanda cha chuma huko mbali, maharage yanaacha kuanguka, mtu anafumbua macho. Alikuwa akirudi nyumbani anashindwa kula. Kwa nini? Si sheria ilipitishwa? Si watu wamepona? Lakini wenzangu, ninyi hamjui lile jambo ambalo kila mtu amelikubali na bado halikukalii vizuri tumboni? Mnalijua. Msiinamishe vichwa.

Ikafika siku moja ya Sabato, mchana. Asubuhi yake bibi alipita mlangoni kwa mgawaji akienda kuchota maji.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa aliamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hakulala. Kifua kimembana, hospitali wametuma ujumbe, wanasema leo wamwangalie tu." Akapanga ngata yake kichwani vizuri. "Mchana nitampukuchulia yale mekundu. Yale yana sauti nzuri." Akaenda zake. Hakuomba chochote.

Mchana ukaja, na ukungu ukaja, mnene kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kanisani kwaya inarusha matangazo, imechukua mifereji minne. Mwenyekiti yuko na wanunuzi wa tangawizi, Sabato hiyo hiyo, eti ni yule ng'ombe wa Injili katumbukia kisimani, ha ha! Amechukua mitatu. Bibi ana wake mmoja. Miwili iliyobaki ni ya hawa na wale, vipande vipande. Mgawaji kakaa ndani ya ukungu anaitazama mistari. Anauona mstari wa bibi umetulia, haurukiruki kama ya wenzake, umelala kama uzi juu ya maji. Akajua, mwana kalala. Akaanza kusinzia na yeye. Akaona mifereji yote inateremka, mmoja tu unateremka bila sauti, na ndani yake kuna maharage mekundu yanaelea, na mtu mzima amelala juu ya maji, anapelekwa nyumbani.

Ghafla tableti ikawaka nyekundu.

"Mama mgawaji!" Nesi huyo. "Bega la mtoto limekwama! Kichwa kimetoka, bega limegoma! Nataka sauti na nataka picha, daktari aione mikono yangu. Nipe sita!"

Sita! Siku zote alikuwa akiomba mmoja, wa sauti. Kidole cha mgawaji kikaruka. Na unajua kilikwenda wapi? Kwa bibi! Kilishazoea, kilikuwa kinajiendea chenyewe kama punda anayejua njia ya kwao. Kikafika juu ya ule mstari uliolala. Kikasimama hapo.

Jamani, kuhesabu moja mpaka tano. Muda wenyewe ni huo tu. Huku mtoto ambaye hajavuta hata pumzi ya kwanza, kule mtu ambaye pumzi zake zinahesabiwa. Hapo katikati orodha yenye sahihi za wakubwa wote wa kijiji. Mngefanyaje? Mama Kamati, wewe ungefanyaje? Msinijibu, ninyi wote mngeitafuta kwanza miwani yenu msome orodha!

Yule mama akaona moshi. Baba yake alimfundisha, moto ukiwaka huulizi shamba ni la nani, unatazama maji mengi yako wapi. Maji mengi yako wapi? Akashuka na kidole chake, akaikata kwaya, minne yote. Akamkata mwenyekiti, miwili. Bibi akamwacha alivyo.

Ti-ti-ti! Kanisani wakabaki wanaimbia ukuta. Na walikuwa wanaimba nini, niwaambie? Walikuwa wanaimba kwamba wako tayari kumtolea Bwana vyote, wasibakize kitu! Ha ha ha! Bwana akachukua mifereji minne, wakakasirika!

Kule zahanati sauti ya daktari ikaingia, karibu kabisa, kama amesimama nyuma ya nesi. "Usivute. Nakuona, usivute. Magoti yake juu, yafike kifuani. Hapo. Mwenzako abonyeze juu ya kinena. Shuka kidogo. Hapo hapo. Sasa." Na hilo neno 'sasa' lilifika sasa.

Mgawaji haoni lolote kati ya hayo. Anaona mistari sita imekwenda upande mmoja, inatetemeka, na ukungu. Dakika ya kwanza. Ya pili. Dunia yote imekuwa nyeupe. Anatamani hata jogoo awike. Ya nne.

Halafu akasikia. Sauti haikupita kwenye mnara, haikupita kwenye mfereji wowote, ilipanda tu yenyewe kilimani ndani ya ukungu, nyembamba, kali, imekasirika. Mtoto! Mgawaji akajifunika uso na kanga, akalia, akacheka, vyote kwa pamoja, kama sisi tunavyofanyaga.

Akarudisha mifereji kwa wenyewe. Na wenyewe wakaja.

Wa kwanza mwalimu wa kwaya, joho lake limelowa ukungu. "Dada, umetukata! Katikati ya ubeti wa tatu! Kuna sahihi hapa!"

Nyuma yake mwenyekiti, anahema kwa kile kilima. "Wanunuzi wamekata simu, wamedhani nimewadharau. Tulikubaliana nini sisi? Tulisema akatwe bibi!"

"Bibi ana mmoja," mgawaji akasema. "Moto ulitaka sita."

"Basi ungeanzia kwake! Sisi ungetuchukulia tano!"

Jamani! Mtoto kalia, wote wamemsikia wakipanda, na bado wanabishania hesabu ya mifereji.

Wakiwa wanabishana hivyo, wakamwona bibi anatoka kwenye ukungu, pole pole, na kifimbo chake, maganda ya maharage yamemganda kwenye kitenge. Mgawaji akasimama. Akajiambia, huyu angalau nimemwokolea usingizi wa mwanawe. Huyu angalau atanishukuru.

"Nimesikia kelele," bibi akasema. "Kwani leo kulikuwa na mtu?"

"Alikuwepo, bibi. Mama na mtoto wake. Wamepona."

"Mungu ashukuriwe." Bibi akakaa kwenye benchi, akapumzika. Halafu akainua uso. "Mbona mimi hukunikata?"

Mgawaji akadhani hakusikia vizuri. "Bibi, nimekuonea vya kutosha. Mara kumi na tisa nimekukata, na leo mwanao..."

"Nani kakwambia umenionea?"

Bibi akaegemeza kifimbo chake kwenye benchi.

"Siku ya kwanza nililia, ndiyo," bibi akasema. "Ile njia iliporudi mwanangu akaninong'oneza, 'Mama, ule mlio ni wa nini?' Nikamwambia ni nesi kaomba njia, kuna mtu anakufa. Halafu akasema, 'Basi tumpe, mama. Mimi nimelala tu hapa, sina kingine cha kumpa mtu.' Toka siku hiyo, ule mlio ukilia naweka ungo chini nasimama. Yeye kule anafumbua macho. Hatusikiani, lakini najua anafanya nini, na yeye anajua nafanya nini."

Mwalimu wa kwaya akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Mnaomba, bibi? Mnaomba nini?"

"Hatujui maombi marefu sisi. Yeye kifua hakimruhusu. Tunasema tu, pita. Pita mwanangu, njia ni yako, pita. Mpaka njia irudi. Ikirudi ananiuliza neno moja, 'Kapita?' Na mimi nikishajua ni nani, namwambia. Yule aliyeungua na uji anamjua. Yule wa nyoka anamjua. Mtoto wa fundi cherehani kaanza kutambaa, nilimwambia, akacheka mpaka nesi wa kule akamkataza." Bibi akafuta macho na ncha ya kitenge. "Mwanangu hakubahatika kupata mtoto, vumbi lilimwahi. Lakini ana watu kumi na tisa huku mlimani. Leo amelala, ndiyo, amelala vizuri. Kesho akiamka nimwambie nini? Nimwambie kuna mtoto kapita peke yake, sisi tumelala?"

Ukungu ukawa unapita kati yao, mmoja mmoja, kama unawahesabu.

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, yule mwana alipona? Huo ni umbea, na leo nimekuja na Neno, ha ha! Umbea mnifuate nyumbani jioni.

Wapendwa, nisikilizeni sasa, sicheki. Zile dakika walizokatwa kwaya na zile dakika za bibi ni dakika zile zile. Mlio ni ule ule, ti-ti-ti. Mmoja aliusikia akasema nimeibiwa. Mwingine aliusikia akasema kuna mtu anapita. Sisi tuko wapi? Sisi tunaoomba kila Jumatano, Bwana nitumie, nitumie, halafu jirani akigonga mlango tukiwa tumepakua ugali tunakunja uso? Wiki hii utakatwa, dada yangu. Usingizi utakatwa. Safari uliyoipanga itakatwa. Maombi yako yatakatwa katikati na mtoto wa mtu anayelia. Usihangaike kuuliza nani kanikata. Weka ungo chini, simama, useme pita.

Lakini sijamaliza, msianze kusema amina mkadhani mmeponea hapo. Maana kuna mwenye akili zake anasema moyoni, kumbe bibi alikuwa anafurahi, basi tuendelee kumkata yeye. Mjinga wewe! Bibi kutoa kwa furaha ni utakatifu wa bibi. Sisi kumpangia atoe, tukajitilia sahihi wenyewe, hiyo ni dhambi yetu, na utakatifu wake hauifuti. Angalia nyumba yako. Kama mwaka mzima umepita na hujasikia hata ti-ti-ti moja, usijisifu kwamba Mungu anakupenda sana. Uliza ni nani anayekatwa mahali pako. Mkeo? Dada wa kazi? Yule mama yako kijijini anayesema kila siku usijali mwanangu, mimi nipo tu?

Basi. Mwalimu wetu wa kwaya, najua mmejiandaa, na sare zimependeza, lakini shusheni vitabu kidogo. Nani humu ndani ana shida leo? Aseme sasa hivi, kabla hatujaanza kuimba.